Kathuri na Miti ya Baba Yao

Shemeji yangu Kathuri aliokoka siku ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi akanoa shoka. Wengine wakiokoka hununua Biblia yenye zipu, au huandika jina la Bwana juu ya mlango wa duka. Yeye alinoa shoka. Mimi nilikuwa uani naanika nguo, kwa hiyo naweza kuisimulia habari hii bila kuongeza chumvi. Kama mna chumvi ndani yake, basi ni ile ya ulimi wangu, na hiyo hata mume wangu ameshindwa kuipatia dawa.

Jina langu ni Nelius. Kwetu ni Runyenjes, upande wa Embu. Serikali ilinituma kufundisha shule ya msingi karibu na Kangeta mwaka wa sitini na nne, nami nikajiambia nitakaa mwaka mmoja kisha niombe uhamisho. Mwaka huo haujaisha mpaka leo, kwa sababu nilikutana na Mithika. Mithika ni mkulima wa miraa, mtu wa maneno machache, na Kathuri ni mdogo wake wa pekee. Baba yao alipogawanya shamba, Mithika alipewa upande wa juu na Kathuri upande wa chini, na kati yao pakabaki njia ya kwenda mtoni.

Nilipoolewa sikujua lolote kuhusu miraa. Kule kwetu tulizoea kahawa. Niliona upande wa chini miti mizee iliyojipinda, magamba yake ya kijivu, nikadhani imeachwa kwa ajili ya kuni. Nikavunja tawi kavu nikawashia moto. Mama mkwe hakunisemesha siku nzima, na jioni ndipo Mithika akanieleza kwamba miti ile inaitwa mbaine. Ni miraa iliyopandwa na mababu, tena mtu hawezi kuikata kama anavyokata mti wake mwenyewe, kwa kuwa si yake. Yeye ni mchumaji tu katika zamu yake. Majani ya mti wa kawaida huenda sokoni. Ya mbaine, pamoja na kuuzwa, ndiyo yanayofungwa ncoolo, yaani kile kibunda cha heshima ambacho watu wa huku Igembe hukipeleka wanapokwenda kuposa msichana, au kuwaita wazee, au kumwomba msamaha mtu waliyemkosea. Mtu anaweza kuja na ng'ombe. Asipokuja na ncoolo, hajaja.

Sasa, miti ile yote ya mbaine ilikuwa imesimama upande wa Kathuri. Baba mkwe alijua hilo, na kabla ya kufa aliwaita wanawe wote wawili akasema ardhi ina mpaka lakini mbaine haina. Wachume wote. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji wake. Hakuna aliyeuliza swali, maana hakuna aliyeona shida yoyote.

Kathuri wa kabla ya kuokoka sitamsifu. Alikuwa mlevi, na pombe ilipomwishia alitafuna miraa mpaka macho yakamtoka, na macho yakishamtoka alimtafuta mkewe. Karwirwa alikimbilia jikoni kwangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilimwosha damu usoni, nikamwambia arudi kwao, naye akaniuliza watoto atawaacha na nani. Nilimchukia Kathuri. Nasema wazi kwa sababu baadaye nilikuja kumpenda, na moja bila jingine halitaeleweka.

Mwaka wa themanini na sita akaja mhubiri kutoka upande wa Nkubu, akafunga spika juu ya nguzo kwenye uwanja wa soko, akahubiri wiki nzima. Kathuri alikwenda kuwacheka. Jumapili akarudi nyumbani analia, akapiga magoti mbele ya Karwirwa na kumwomba radhi kwa kila kipigo. Karwirwa alipanda kwangu mbio kama zamani, ila safari hii uso wake ulikuwa mzima.

"Mama Mutuma," akaniambia, "Kathuri amepiga magoti. Amekataa kuinuka. Sasa nifanye nini?"

Nikamwambia ampe chai. Sikuwa na ushauri mwingine; mimi nililelewa Anglikana, na kwetu wanaume hupiga magoti kanisani tu, tena wakiwa na kitambaa cha kukinga suruali.

Nilifurahi, kweli. Lakini yule mhubiri alikuwa amefundisha juu ya mkono unaomkosesha mtu, kwamba afadhali ukatwe kuliko mwili mzima upotee. Kathuri akalala na neno hilo usiku kucha. Mkono wake, kwa hesabu yake, ulikuwa ni miraa. Akaanza na ile michanga aliyoipanda mwenyewe, ambayo hakuna wa kumwuliza. Ikaisha kabla ya saa nne. Kisha nikasikia mlio wa shoka umebadilika, umekuwa mzito, nikajua amefika kwenye mbaine.

Nilishuka mbio na nguo mbichi bado ziko begani.

"Kathuri, hiyo si yako peke yako. Ngoja Mithika arudi."

"Mama Mutuma," akasema bila kusimama, "Yesu hakuniambia ningoje mtu."

Mithika alikuwa amekwenda Kiirua kuangalia mbegu za viazi. Alirudi alasiri akakuta miti yote iko chini, majani yameanza kunyauka, na ndugu yake amekaa juu ya gogo anaimba, uso umejaa amani. Mithika alitembea kutoka kisiki hadi kisiki, akiweka kiganja juu ya kila kimoja. Hakupaza sauti. Alipanda nyumbani, akakaa, akaniomba maji, hakuyanywa.

Ubaya ulikuwa kwamba mwana wetu Mutuma alikuwa karibu kwenda kuposa. Siku ilikuwa imepangwa, wazee wamealikwa. Mithika, mtoto wa nyumba yenye mbaine tangu babu wa babu yake, ikabidi azunguke kwa majirani kuomba matawi ya kumfungia mwanawe ncoolo. Aliyapata, maana watu ni wema. Lakini kule kwa wakwe mzee mmoja aliifungua ncoolo, akaonja, akajua mara moja mti ule ni wa nani. Hapa kwetu kuna wazee wanaoijua mbaine kwa ulimi.

"Kwani miti ya kwenu ina ugonjwa?" akauliza.

"Hapana," Mithika akajibu. "Ina ndugu."

Watu walicheka. Mithika hakucheka.

Wazee walimwita Kathuri. Alikuja na Biblia, na kabla hawajamwuliza lolote akawahubiria. Aliwaeleza habari ya mkono na kukatwa kwake. Mithika akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Aliambiwa akate mkono wake. Amekata mkono wangu." Wazee wakaamua jambo dogo kabisa: Kathuri afunge ncoolo, ampelekee kaka yake, aseme amekosa, yaishe. Hawakudai mbuzi wala ng'ombe. Kathuri akakataa. Alisema ametolewa huko na damu ya Yesu na hawezi kushika tena uchafu ule. Akatoka na Biblia yake kwapani.

Tangu siku hiyo Mithika hakumsemesha. Mtu wa mjini anaweza kudhani hilo ni jambo jepesi. Sisi tulipita njia moja kwenda mtoni. Ng'ombe wetu walisikia ng'ombe wao. Mama yao alipokufa, walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja akamwaga udongo wake. Kathuri alikuwa akisalimia, "Bwana asifiwe, ndugu yangu," na Mithika alikuwa akitazama mlima, kama kuna mtu kule aliyemwita.

Haki yake nitampa: Kathuri alibadilika, tena si kwa mdomo. Hakugusa pombe tena. Hakuinua mkono juu ya Karwirwa tena, hata siku moja. Pale palipokuwa na miraa alipanda nyasi za ng'ombe na mahindi, akafuga ng'ombe wa maziwa. Miaka ya kwanza ilikuwa ya njaa, maana miraa ndiyo iliyolipa karo, na Karwirwa alikuwa akisema, "Kathuri aliulizwa na Yesu. Mimi sikuulizwa na mtu." Alianza kuuza majani ya migomba sokoni. Kathuri alikuja kugundua kwamba wanunuzi wake ni wafungaji wa miraa, wanaofunikia vibunda visikauke, akamwambia aache. Karwirwa akamjibu kwamba yeye anauza majani. Mnunuzi anafunga nini ndani yake, amwulize mnunuzi mwenyewe. Kathuri akafunga mdomo. Hilo nalo lilikuwa badiliko.

Mjane wa jirani alichimbiwa choo na Kathuri bila kuomba. Kichaa mmoja wa sokoni alikuwa akioga na kunyolewa kwake. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na chuki yangu ikaisha kidogo kidogo, ingawa kwa heshima ya mume wangu sikulitangaza jambo hilo.

Kanisa lao lilianza chini ya turubai, likawa la mabati, likapata spika yake. Pasta wao, Riungu, alikuwa kijana mwenye bidii na suti moja. Kathuri akawekwa kufundisha darasa la ubatizo, na kila mwaka, siku ya kubatizwa, alisimama na kutoa ushuhuda wa miti. Spika ililetwa ikaelekezwa juu, yaani kwetu. Tulisikia kila neno. Alieleza jinsi Shetani alivyolia ndani ya shina la kwanza. Kadiri miaka ilivyokwenda, miti ikaongezeka; mimi niliyeanika nguo zangu mbele yake naweza kusema hata nusu yake haikuwepo. Watu walipiga makofi. Mithika aliingia ndani akawasha redio, na kama betri zimekwisha aliketi tu. Siku kama hiyo nilitamani kushuka na kuukata waya wa spika ile, na naungama kwamba niliangalia kisu.

Hivyo ikaenda miaka kumi na zaidi. Kisha akaja Ciakuthii.

Ciakuthii alikuwa bibi kutoka Tharaka, aliyeletwa Kangeta na binti yake baada ya kufiwa. Alikuwa hajui kusoma, na alitaka kubatizwa kabla hajafa. Karwirwa, aliyekuwa darasani siku ile, ndiye aliyenisimulia. Kathuri alikuwa akiwafundisha maana ya kumfuata Yesu. Akawaambia ni kuacha. Akatoa mfano wake, miti, shoka, kila kitu. Bibi akasikiliza vizuri, kisha akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, na huyo ndugu yako mlipatana?"

"Mimi nilimsamehe zamani," Kathuri akasema.

Bibi akafikiri. "Yeye alikukata nini?"

Kathuri alifungua Biblia, akaifunga, akasema wataendelea wiki ijayo. Bibi Ciakuthii hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kwa sababu hakuelewa, na hilo ndilo lililomwua Kathuri. Angekuwa mpinzani angemjibu.

Alikaa siku kadhaa bila kula vizuri. Mwishoni akanifuata shuleni, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, kofia mkononi.

"Mama Mutuma, mimi nimekuwa nikiwaambia watu wamfuate Yesu namna gani, na ndugu yangu anaishi pale juu. Nimeona kama sijaanza."

"Hujaanza," nikasema. Sikuona sababu ya kumpunguzia.

"Utanisaidia?"

Nikamwambia nitapeleka neno. Kwanza alinipa blanketi, sukari na majani ya chai, nimpelekee Mithika pamoja na salamu. Mithika alitazama blanketi akaniambia nilirudishe, kwa kuwa yeye hana baridi. Safari ya pili Kathuri alituma ndama. Ndama jike, wa ng'ombe wake bora. Mithika alimpapasa mgongo, akasema ni mzuri, akamfungua na kumwelekeza kwao.

"Unataka nini basi?" nikamwuliza. Nilikuwa nimechoka kuwa mjumbe kati ya wazee wawili wanaosikiana wakikohoa.

"Wewe ni mwalimu, unajua ninachotaka. Aje kama watu wanavyokuja, na ncoolo. Mtu akinikosea mbele ya watu, asiniletee blanketi kwa njia ya mlango wa nyuma."

Nikashuka nikamwambia Kathuri. Hakuonekana kushangaa. Alikaa kwenye jiwe, akajisugua magoti, akasema, "Nilijua. Nilitumaini tu atachukua ndama."

Alimwendea Pasta Riungu, kwa sababu alikuwa mtu wa kutii. Jumapili iliyofuata walikuwa wamwekee mikono awe mzee wa kanisa. Mahema yalikuwa yameshaagizwa. Pasta alishtuka. Karwirwa alikuwapo, na maneno haya ni yake.

"Mzee Kathuri, hiyo ni mambo ya Shetani. Umetangaza miaka yote. Vijana wangapi wameacha miraa juu yako? Sasa wakuone umebeba? Hiyo ni mbwa kurudia matapishi."

"Sitaitafuna, Pasta. Ni kubeba tu."

"Mwombe msamaha kwa mdomo. Mungu anasikia mdomo."

"Mungu anasikia," Kathuri akasema. "Ndugu yangu hasikii hiyo. Nimejaribu."

"Ukibeba, mimi sitakuwa na lingine. Itabidi ukae chini."

Kukaa chini, kwa lugha yao, ni kuvuliwa kazi yote: hufundishi, hushiriki meza ya Bwana, unakaa benchi la nyuma mpaka kanisa litakapokuona umetubu. Kathuri alimshukuru, akatoka. Karwirwa alimuuliza njiani ataamua nini. Akasema hajui. Nami namwamini kwamba hakujua. Kanisa lile ndilo lililomtoa mtaroni. Alilijenga kwa mikono yake, na kila rafiki aliyekuwa naye duniani alikuwa ndani yake. Upande wa pili alikuwa na mtu mmoja tu, tena asiyemsemesha.

Ijumaa alikwenda kwa jirani yetu mwenye mbaine, akamwomba ruhusa ya kuchuma. Jirani alidhani anataniwa. Ncoolo ya msamaha lazima mkosaji aichume mwenyewe; hakodishi mtu. Basi Kathuri, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, akavua viatu akapanda. Vijana waliokuwa wakichuma miti ya karibu walisimamisha kazi kutazama aliyeokoka akiwa juu ya mti. Mmoja akamwuliza kama Yesu amehamia huko juu. Kathuri akajibu kwamba anamtafuta. Akateremka na mikwaruzo, akakaa chini, akafunga kibunda kwa majani ya mgomba na kamba yake kama baba yao alivyowafundisha. Vidole havikuwa vimesahau.

Angeweza kupita mtoni jioni, akaja kwetu pasipo mtu kumwona. Mimi ningefanya hivyo. Yeye alingoja Jumamosi, siku ya soko, akapita katikati ya Kangeta na kibunda mikononi, mbele ya ukuta wa kanisa lake, ambapo kina mama walikuwa wakifagia kwa ajili ya sherehe yake ya kesho. Walimwita kwa jina. Aliwasalimia, "Bwana asifiwe," akaendelea. Wapo walioitikia, wapo walioinamia fagio.

Mithika alikuwa ameketi na wazee watatu aliowaita. Nilikuwa mlangoni, nimesimama kama ni mimi niliyekosa. Kathuri aliweka ncoolo mbele ya miguu ya kaka yake, akabaki amesimama. Hakuleta Biblia siku hiyo.

"Nilikata kitu ambacho si changu," akasema. "Nikasema ni Mungu. Mungu alinitoa kwenye pombe, hiyo ni kweli na sitaikana. Lakini miti haikuwa Mungu. Ilikuwa mimi na shoka, na furaha ya kuonekana. Tena nikaisimulia kwa spika miaka yote, na wewe unasikia. Nimekuja uniambie unavyotaka kuniambia."

Mithika aliinama akaivuta ncoolo kwake. Kisha akafungua kamba, akachagua kijiti, akakimenya kwa kucha, akatafuna. Akawapa wazee. Desturi ni kwamba aliyeleta naye atafune, ndipo neno lifungwe. Asipotafuna, ni kama alikuja kutembea. Mzee aliyekuwa karibu akamnyooshea Kathuri kijiti. Kathuri akakitazama. Mkono wake ulitoka, haukufika. Nilimwona Karwirwa kwenye ua, ameziba mdomo kwa leso.

Mithika akakichukua kile kijiti kutoka kwa mzee.

"Chake nitakitafuna mimi."

"Si desturi hivyo, Mithika," mzee akasema.

"Aliyekatiwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi." Akakitafuna. Kisha akamtazama mdogo wake usoni, mara ya kwanza tangu themanini na sita, na kumwambia akae, kwani alikuwa anamzibia jua. Kathuri akakaa chini pale pale, kwenye udongo, akalia kwa sauti. Nami nikalia, na sioni haya. Nilikwenda jikoni kupika chai, nikatia chumvi badala ya sukari, na watu wote wakainywa.

Jumapili ile mahema yalisimama bure. Pasta Riungu alitangaza kwa spika kwamba Mzee Kathuri ameketishwa chini kwa miezi sita kwa kurudia mambo ya kale. Sikusikia hasira katika sauti yake, nadhani alisikitika. Karwirwa alisema Kathuri alihamia benchi la nyuma mwenyewe, kabla hajaambiwa, na kwamba watu waliokaa hapo walisogea mbele, wakamwachia benchi.

Alipokaa hapo wiki tatu peke yake, asubuhi moja Mithika akatoka chumbani amevaa koti lake la harusi ya Mutuma.

"Vaa, Mwalimu. Tunakwenda kanisani."

"Kanisa gani?" Mithika hakuwa ameingia kanisa lolote tangu tulipofunga ndoa, na hata siku hiyo alisinzia.

"Hiyo ya chini."

Tulifika wameshaanza kuimba. Mimi nilisimama mlangoni, maana niliona aibu ya ugeni, lakini Mithika alikwenda moja kwa moja mpaka benchi la nyuma, akasimama kando ya Kathuri. Wimbo ulififia wenyewe. Pasta Riungu alimwona, uso ukamng'aa. Mzee Mithika wa miraa, ndani ya kanisa lake! Akashika maikrofoni.

"Karibu sana, mzee wetu. Leo umekuja kumpokea Yesu?"

"Hapana, nimekuja na swali," Mithika akasema. "Kuna mtu alimtuma huyu kwangu na kibunda. Kathuri namjua tangu akiwa mgongoni mwa mama, mwenyewe hawezi kuja vile. Huyo aliyemtuma ndiye nataka kusikia habari zake. Kama ni huyo mnayemsema hapa, nitakaa. Kama ni mwingine, niambie, nirudi nyumbani."

Hakuna aliyesema amina. Pasta Riungu alitazama watu wake, akatazama lile benchi, na maikrofoni ikashuka mpaka kiunoni, kwa hiyo jibu lake halikupita kwenye spika. Sisi wa nyuma tulilisikia hata hivyo.

"Ni huyo, mzee."

"Haya," akasema Mithika, akaketi. Kathuri akasogea ampishe, ingawa benchi lote lilikuwa tupu.